Vifaranga Saba wa Kahambu

Miaka yote aliyoishi Rukoki kwa bibi yake, Ithungu hakuwahi kutambua kazi halisi ya lile tenga. Alikuwa akiliona kila mara. Bibi alipoletewa vifaranga wageni, aliwafunika kwa tenga la matete katikati ya ua, akaweka jiwe juu yake, kisha akaketi kando akiambua maharage. Kuku wakubwa walilizunguka tenga, wakachungulia, wakaondoka, wakarudi. Siku nyingi zilipita hivyo. Juu ya vilima mwewe walielea, na Ithungu, ambaye wakati huo hakuwa hata ameanza shule, aliamini kwamba tenga lilikuwa la kuwazuia mwewe tu. Hakuuliza. Mtoto huyapokea mambo aliyoyakuta nyumbani kama anavyoipokea mvua.

Bibi alifariki Ithungu alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Kuku wake watano na tenga lake vililetwa Bwera, mji wa mpakani, nyumbani kwa wazazi wa Ithungu. Tenga lilitundikwa jikoni, juu ya mafiga, likaendelea kuwa jeusi kwa moshi. Kuku wakawa kazi ya Ithungu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alifagia ua, akafungua banda na kuwamwagia pumba za mahindi. Wa kwanza kutoka alikuwa daima kuku mweusi mwenye shingo ndefu. Wenzake hawakuthubutu kula kabla yake. Thembo, kaka yake Ithungu, alimpa jina la Afande.

"Afande, tumejipanga!" Thembo alisema kila asubuhi, akimpigia saluti.

Alhamisi moja, Kahambu alikuja na boksi la sabuni. Kahambu alisoma darasa moja na Ithungu, na kila asubuhi alimpitia waende shule pamoja. Mama yake, Esperance, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, na Kiswahili cha nyumbani kwao kilikuwa cha ng'ambo ya mpaka. Ndani ya boksi mlikuwa na vifaranga ambao mabawa yao yalikuwa yameanza kuota manyoya.

"Beko saba," Kahambu alisema. "Mama yao, pikipiki ilimukanyaga. Sisi tunaenda Butembo kumuuguza nyanya, mwezi muzima. Utabachunga muzuri?"

"Nitawachunga."

"Huyu wa madoa ni wangu mimi mwenyewe. Usimusahau."

"Kahambu! Nimekua na kuku tangu sijui kutembea."

Kahambu alicheka, lakini alipofika kwenye lango aligeuka na kulitazama boksi tena.

Jumamosi mama yake Ithungu alikuwa akijiandaa kwenda sokoni. "Hao wageni uwafunike kwa tenga la bibi," alisema huku akijifunga kanga. "Usiwaachie kwanza."

Ithungu aliitikia. Mama alipoondoka, alilitazama tenga pale juu, kisha akatoka nje na kutazama mbingu. Ua wao ulizungukwa na nyumba za majirani, na miparachichi miwili mikubwa iliufunika karibu wote. Tangu ahamie hapo hakuwahi kumwona mwewe hata mmoja. "Hapa hakuna mwewe," alimwambia Thembo. "Tenga la nini?"

"Mimi siulizwi," Thembo alijibu. "Wewe ndiye waziri wa kuku."

Ithungu akafungua boksi, akawamwaga vifaranga katikati ya kuku wa bibi.

Kwa muda mfupi hakuna aliyesogea. Kisha Afande alinyoosha shingo yake ndefu na kudonoa. Wengine wakafuata. Vifaranga walikimbilia ukutani, wakarudi, wakajibana pembeni ambako hapakuwa na njia. Ithungu alipiga kelele, akarusha ndala, akaingia katikati na kuwaokota mmoja mmoja akiwarudisha boksini. Watatu walikuwa na damu kichwani. Yule wa madoa hakuinuka tena.

Alimzika nyuma ya jiko, kwenye migomba. Alipokuwa akisawazisha udongo, hakulia. Alikuwa akitafuta la kusema.

Mama aliporudi, Ithungu alianza kabla hajaulizwa. "Mama, mwewe amemchukua mmoja."

"Mwewe?" Thembo alidakia akiwa mlangoni. "Si ulisema hapa hawapo? Au huyo alikuja na basi la Kasese?"

"Nyamaza wewe!"

Mama hakumkemea yeyote. Alitua kikapu, akawatoa vifaranga wa boksini na kuwageuza polepole kwenye mwanga. Aligusa kidonda cha mmoja wao.

"Mwewe hubeba," alisema. "Hasimami akadonoa vichwa vya watatu kisha akaondoka. Yuko wapi wa saba?"

Ithungu alionyesha migomba. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na maneno yakamtoka pamoja nayo: miparachichi, mbingu tupu, na jinsi alivyofikiri tenga halikuwa na kazi.

Mama alivisafisha vidonda kwa maji ya chumvi, kisha akalitungua tenga na kulipangusa. Harufu ya moshi wa Rukoki ilijaa jikoni. Kwa kitambo Ithungu aliona tena ua wa bibi, ungo wa maharage, na vidole vile vilivyopinda vikifanya kazi bila haraka.

"Bibi yako alikuwa akihofia mwewe, ni kweli," mama alisema. "Lakini mwewe hakuwa sababu ya kuliweka tenga katikati ya kuku. Angeweza kuwafungia vifaranga jikoni. Kuku wana wakubwa na wadogo wao, na mgeni huonekana mwizi wa chakula. Ndani ya tenga anaonekana, anasikika, ila hafikiki. Wakishamzoea, hasira inaisha. Alikuwa akiniambia, 'Waache waonane kwanza.'"

Ithungu aliyakumbuka maneno hayo. Aliyasikia mara nyingi, akidhani bibi anazungumza na kuku.

Wakaanza upya. Juma la kwanza vifaranga walikaa jikoni wapone, na mama aangalie kama wana dalili za ugonjwa wa kideri. Kisha tenga lilitolewa uani. Kila jioni baada ya shule Ithungu aliketi kando yake na daftari lake. Siku za mwanzo Afande aliyadonoa matete kwa ghadhabu. Siku ya tisa alipita bila kusimama. Siku ya kumi na tano alilala kivulini, ubavu wake ukigusa tenga. Ndipo mama alipoegemeza ubao ukutani, vifaranga wapate pa kujificha ambapo kuku wakubwa hawaingii. Akaweka vyombo viwili vya chakula, kimoja mbali na kingine. Saa kumi na mbili jioni, kuku walipokuwa wakitafuta usingizi, Ithungu aliinua tenga. Afande aliwadonoa wawili kidogo, kama anayesoma majina, kisha akaenda zake kulala.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, Kahambu alikuja akikimbia, bado na vumbi la safari. "Beko wapi?"

Ithungu alikuwa amelala na maneno haya akilini usiku kucha. "Kabla hujawahesabu," alisema, "wako sita. Wa madoa alikufa. Niliwachanganya na kuku wakubwa, ingawa mama alinikataza. Nikasema ni mwewe. Haikuwa mwewe."

Kahambu alikwenda akaketi mbele ya vifaranga, mgongo kwa Ithungu. "Ule nilimutoa kwenye yai na mukono yangu," alisema hatimaye. "Ulisema unajua kuku."

"Nilidhani najua."

Kahambu alifuta macho kwa kiganja. Afande alipita, na vifaranga wawili wakamfuata nyuma. Kahambu aliwatazama kwa muda mrefu. "Acha bakae hapa kwanza," alisema. "Nikibabeba leo, bataanza tena kuwa wageni kwetu." Akaondoka bila kuaga.

Mama, aliyekuwa akianika nguo, alimsogelea binti yake. "Kutojua si aibu, Ithungu. Sisi sote tulifundishwa. Lakini uliambiwa, hukuelewa, na badala ya kuuliza ukaamua. Kisha ukauficha uamuzi wako nyuma ya uongo, na ningeuamini, vidonda vya hawa wengine visingetibiwa. Leo umesema kweli mbele ya mtu ambaye kumwambia kulikuumiza. Hilo limechelewa, ila halikupotea."

Kahambu alipita tena kumchukua Ithungu kwenda shule baada ya siku nane. Kuanzia muhula huo, mama alipotoa agizo asilolielewa, Ithungu alimwuliza sababu yake kabla ya kuweka mkono kazini.