Herufi za Vitambaa

Fundi wa nguo alikuwa na mikono hodari, lakini subira alinyimwa. Kila jioni alishona huku akimsomesha bintiye. Chati ya herufi ilibandikwa ukutani, juu ya cherehani. Fundi alikanyaga pedali, macho kwenye kitambaa. Mtoto alisimama nyuma yake, akitaja herufi zote tangu a mpaka z bila kukwama.

"Huyu kwa kusoma hashikiki," fundi aliwaambia wateja wake.

Mtoto alikuwa bado wa darasa la awali. Kwa kupenda maneno, watu walimwita Chiriku.

Jioni moja fundi aliinuka akaweka kidole kwenye herufi m.

"Hii ni nini?"

Chiriku akaanza kunong'ona tangu a, akizifuata herufi moja moja.

"Sikukwambia uanze mwanzo. Nataka hii hapa, peke yake."

Mtoto akakodoa macho. Hakuijua. Fundi akadhani ni ukaidi, akamfinya.

Kesho yake akamfinya tena. Basi asubuhi Chiriku akashika tumbo. "Linauma, mama. Sitaki shule." Ukawa ndio wimbo wa kila siku. Maneno nayo yakamwisha, akawa wa kukaa pembeni tu. Fundi akaingiwa na hofu. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema kwa kuogopa fimbo, na aliapa kuwa mwanawe hatapita njia ile. Sasa alimwona anaipita.

Siku moja mwalimu wa Chiriku alipiga hodi. Alifuata gauni lake lililokuwa linapunguzwa kiuno.

"Mama Chiriku, mbona mwanafunzi wangu simwoni?"

Fundi akaeleza yote. La kufinya nalo hakulificha.

Mwalimu akavuta kigoda, akaketi. "Mwanao si mkaidi. Ameshika wimbo, herufi zenyewe bado hajazijua. Ukiitoa moja kwenye mstari, inampotea."

"Sasa nifanyeje, mwalimu? Nimejaribu kila njia."

"Umejaribu njia moja, ya kufinya." Mwalimu akatabasamu. "Kesho mlete, na wewe ukae naye. Cherehani haina miguu ya kukimbia."

Fundi akaenda naye, akakaa kwenye kiti kidogo mpaka magoti yakamfika kidevuni. Watoto walikuwa wamezunguka sinia za mchanga. Mwalimu alichora s mchangani kwa kidole.

"Mafuta yakiwa moto, ukitia kitunguu, yanaliaje?"

"Sssss!" darasa zima likalia. Kila mtoto akachora s yake huku akitoa sauti ile. Chiriku alichora, akafuta, akachora tena. Hakuna aliyemkemea.

Kisha ukaja msako. "Leteni kitu kinachoanza na mmm." Mmoja akaleta mfuko. Wa pili akakumbatia meza, ikamshinda. Chiriku akamshika mwalimu mkono, akamvuta mpaka katikati ya darasa.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. Wenzake wakampigia makofi, naye akacheka. Fundi hakuwa amesikia kicheko kile kwa siku nyingi.

Watoto walipotoka kucheza, mwalimu akamweleza. "Anza na sauti, jina la herufi litakuja. Mpe herufi chache, azishike vizuri, ndipo uongeze. Haba na haba. Mwache aziguse, azitafute, azichezee. Na mchezo ukatishe angali anautaka."

Jioni ile fundi hakuigusa kazi ya mtu. Alichukua vipande vilivyobaki vya taulo, gunia na jinzi, akakata herufi kubwa: a, s, m, i. Alikata kadhaa za kila moja, akazitia kwenye mfuko. Kisha akampakata mwanawe.

"Nilikuonea, mwanangu. Nisamehe. Sitakufinya tena."

Chiriku akamtazama kwanza, kama anampima. Halafu akaingiza mkono mfukoni bila kuchungulia, akapapasa. "Hii inakwaruza. Ina milima. Mmm!"

Wakacheza kidogo kila jioni. Tumbo likapona lenyewe, bila dawa. Shule akawa haikosi.

Wiki kadhaa zikapita. Fundi alikuwa ameinamia pindo la sketi, kazi imemzidi, Chiriku akamvuta nguo.

"Mama, soma."

"Ngoja nimalize."

"Ni fupi tu."

Fundi akageuza shingo. Kwenye meza ya kukatia nguo, herufi za vitambaa zilikuwa zimepangwa, nyingine zimepinda. Hakuna aliyemfundisha neno lile. Fundi akalisoma kwa sauti.

"Simama."

"Ndiyo," akasema Chiriku, mikono kiunoni. "Sasa mbona bado umekaa?"

Fundi akaweka mkasi chini, akasimama.