Kiti Kisicho na Mtu

Drusilla Mokeira aliporudi kutoka kula chakula cha mchana, alikuta kiti chake kimelowa maji.

Alitazama dari. Hapakuwa na tone. Mvua ya Kenyenya ilikuwa bado haijafika, jua lilikuwa likichoma mabati, na ofisi ya mradi wa maji ilikuwa imefungwa kwa ufunguo aliokuwa nao yeye mwenyewe mfukoni. Lakini kitambaa cha kiti kilikuwa chapachapa, na chumba kilinuka tope, lile tope jeusi la chini kabisa ya chemchemi ambalo halijawahi kuona jua. Akakigusa kiti. Kilikuwa na joto, kana kwamba aliyekikalia ameinuka sasa hivi.

Mbele yake printa ilikuwa ikikwaruza karatasi peke yake. Hiyo haikumshangaza. Hiyo ilikuwa kazi ya Vivek.

Vivek alikuwa kijana wa Haresh, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Kisii. Mwaka huo wa 1998 mkuu wa mradi, Bwana Momanyi, alimwita aje aunganishe kompyuta mbili za ofisi. Moja, chumbani mwa Momanyi, ilikuwa na programu ya kupanga kazi: mtaro upi unachimbwa, nani anachimba, utakwisha lini. Ya pili, mezani pa Drusilla, ilitengeneza ripoti za wafadhili. Kwa miaka yote, daraja la kutoka huku kwenda kule lilikuwa Drusilla. Alisoma huku, akapiga chapa kule, jina kwa jina. Vivek akatoboa ukuta, akapitisha waya, akaandika programu ndogo ambayo kila siku saa saba mchana ilijiamsha yenyewe, ikachota habari za mpango, ikazimwaga kwenye ripoti na kuichapisha. Mkono wa mtu haukuhitajika tena.

"Mwezi ukiisha, Mama Phanice, utapumzika," Momanyi alimwambia bila kumtazama usoni.

Drusilla alijua maana ya kupumzika. Kwa hiyo siku ile alikifuta kiti, asimwambie mtu. Nani angemsikiliza? Wangesema ana wivu na mashine.

Kesho yake Masese, tarishi wa ofisi, alikuja na sahani yake ya ugali na mboga za chinsaga. Alipenda kula kwenye kile kiti kwa sababu kilikuwa na mto.

"Hapo pamelowa," Drusilla alimwambia.

"Maji haiui mtu," Masese alicheka, akakaa.

Saa saba ikagonga. Printa ikaanza kukwaruza, na Masese akainuliwa. Drusilla aliona kwa macho yake: mtu mzima akienda juu na sahani yake mkononi, miguu ikining'inia, shingo imebanwa na kitu kisichoonekana. Kisha akatupwa ukutani. Akaokotwa, akatupwa tena. Taya lake lilivunjika kwa mlio kama wa ukuni mkavu. Alipoanguka mara ya tatu, meno yalikuwa yametapakaa sakafuni kati ya mboga na damu, na ukutani palikuwa na alama ya tope, pana kama kiganja, lakini vidole vyake vilikuwa virefu mno.

"Ni kifafa," Momanyi alisema, wakimpakia Masese kwenye pikapu ya mradi. "Kifafa tu. Mwite yule kijana ya Haresh aangalie hiyo waya."

Vivek alifika siku iliyofuata, muda mfupi kabla ya saa saba. Akang'oa waya ukutani, akafuta ile programu.

"Imekwisha, dada," alimwambia Drusilla. "Sasa hakuna njia ya habari kupita."

Alikuwa bado ameushika ule waya uliong'olewa printa ilipolia. Vivek akanyoosha mkono kuizima, na mkono ukashikwa. Drusilla aliona ngozi ya kijana ikibonyea mahali vidole visivyoonekana vilipomkamata. Kidole gumba kikapindwa nyuma mpaka kikavunjika. Kikafuata cha shahada. Vivek alipiga yowe, halafu yowe likakatika katikati, na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya kikongwe, ikisema Ekegusii cha zamani sana, ambacho Vivek hakukijua na hata Momanyi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikielewa kwa shida.

"Mlivunja jiwe la chemchemi kwa baruti. Nyumba yangu. Nikatangatanga bila makao. Ndipo nikaona mmeweka kazi isiyo na mtu na kiti kisicho na mwenyewe. Nimeketi. Kazi hii ni yangu sasa, na kila jina lililo ndani yake ni langu."

Kidole kingine kikavunjika. Vivek akaanguka chini kama gunia.

Momanyi alifunga ofisi kwa kufuli, akazima jenereta, akakimbia. Haikusaidia. Saa saba ya siku ya pili, watu walisikia printa ikikwaruza ndani ya jengo lisilo na umeme, na mtaroni, mbali na pale, mchimbaji mmoja aliburutwa miguu akaingizwa chini ya udongo mbele ya wenzake. Walimshika mikono wakamvuta, na kitu kikamvuta upande wa pili, mpaka bega likachomoka. Walipofanikiwa kumfukua alikuwa maiti, na kinywa chake kilikuwa kimejazwa tope.

Jioni hiyo Momanyi alimleta Nyanchama, omoragori mashuhuri wa Nyamarambe, mwanamke wa makamo aliyejua kuagua na kusema na mizimu. Drusilla alikuwa Msabato. Hakuwahi kukaa chumba kimoja na mganga. Lakini wachimbaji wote walikuwa kwenye ule mpango, na majina yao alikuwa ameyaandika yeye.

Nyanchama alinusa mlango wa ofisi, akarudi nyuma.

"Siwezi kumfukuza kazini," alisema kwa sauti ya chini. "Mlimpa wenyewe. Mpaka mtu aichukue ile kazi kwa mikono yake, saa ileile ya saba, akiwa kwenye kile kiti. Aimalize yote. Akiinuka kabla, atauawa."

Momanyi akamgeukia Drusilla. Safari hii alimtazama usoni. "Mama Phanice, tafadhali."

"Ulisema nipumzike."

"Nilikosea. Nakuomba. Kesho atachukua mwingine."

Drusilla alikuwa akimfikiria yule mchimbaji aliyekufa, jinsi alivyokuwa akipita dirishani kila asubuhi akimsalimia kwa jina la mtoto wake.

Kesho yake Momanyi aliwasha jenereta, na saa saba ilimkuta Drusilla ameketi. Kiti kilikuwa kimeloa mpaka maji yakampenya kwenye sketi, na chini ya mapaja yake alihisi mapaja mengine, baridi, magumu, kwa maana mwenye kiti hakuwa ameinuka. Akaanza kupiga chapa. Jina la kwanza. Kofi likampasua mdomo. Jina la pili. Nywele zake zikakamatwa na kichwa kikavutwa nyuma mpaka akaona dari, naye akaendelea kuandika bila kutazama, vidole vikitafuta herufi vyenyewe, huku Nyanchama akiimba mlangoni na kumwaga maji ya chemchemi kizingitini, na Momanyi akilia kama mtoto, na meno yasiyoonekana yakizama begani mwake na kung'oa nyama, damu ikitiririka mpaka kwenye kiwiko, na mbavu ikivunjika, na nyingine, na ile sauti ya kikongwe ikimnong'oneza sikioni jina la kila mtu aliyekuwa akimwandika, ikitangulia kidogo, kila mara ikitangulia, mpaka vidole virefu vya baridi vikalala juu ya vidole vyake na kuanza kubonyeza pamoja naye, na yeye akipiga yowe huku akiandika, akiandika, akiandika, hadi jina la mwisho likaingia.

Akapiga kitufe cha kuchapisha kwa mkono wake mwenyewe.

Dirisha likapasuka kuelekea nje. Printa ikawaka moto. Kisha kimya, na harufu ya tope ikayeyuka, ikabaki ya damu.

"Ametoka kwenye kiti," Nyanchama alisema, akahema. Aliondoka bila kumshika mtu mkono.

Siku ya Sabato Drusilla alipelekwa kanisani amefungwa bandeji kifua kizima, waumini wakamwombea. Saa saba ilikuwa inakaribia walipofika nyumbani. Akaketi kivulini kumchana Phanice, bintiye, nywele.

Ghafla vidole vyake viliacha chanuo. Vikaanza kugonga kichwa cha mtoto, kimoja kimoja, harakaharaka.

"Mama, unanitekenya," Phanice alicheka.

Drusilla alijaribu kuvizuia. Havikumsikia. Vikashuka masikioni, vikashuka shingoni, vikazunguka, vikakaza.

"Baba Phanice!" alipiga yowe. "Nishike mikono! Nivunje, nakwambia, nivunje!"

Zachariah, mumewe, alitoka ndani mbio. Alivuta kwa nguvu zake zote bila mafanikio. Ulimi wa mtoto ulikuwa nje. Akachukua mchi, akampiga mkewe vifundo vya mikono, akapiga tena, mpaka Phanice akaanguka chini akikohoa. Akamfunga Drusilla mikono kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya ng'ombe, yeye mwenyewe akimhimiza akaze.

Vidole vilikuwa vimevimba, viwili vimepinda, na bado vilikuwa vikigonga mti wa nguzo.

"Vinafanya nini?" Zachariah aliuliza.

Drusilla alikuwa amepiga chapa nusu ya maisha yake. Hakuhitaji kutazama ili ajue vidole vyake vinaandika nini. Lilikuwa jina moja, likirudiwa na kurudiwa.

"Sijui," alisema. "Mpeleke mtoto kwa mama yangu Suneka. Sasa hivi. Na usiniambie mtapita njia gani."