Bomba la Chini ya Reli

Rafiki yangu Wilf Ackroyd alikuwa askari wa miavuli vitani. Siku hizi hana kazi, kama mimi na digrii yangu. Mji wetu wa Leeds, Uingereza, unagawa medali, ajira hauna. Stori hii alinipa mchana kweupe, akinywa chai tu.

Yeye na kikosi chake walirukia Uholanzi, wakapigana, wakatekwa. Wakiswagwa kwenda kambini, yeye na wenzake wawili wakachomoka, wakajitosa kwenye bomba la maji chini ya reli. Mlinzi Mjerumani akaja kusimama juu yao. Wakisikika, ni risasi. Ndani giza totoro, maji yamefika kidevuni, wanatambaa kwa mstari.

"Tutoke, mzee, naganda," Stan, aliyekuwa wa mbele, akanong'ona.

"Funga domo, Stan. Subiri nigonge," Wilf akamjibu kutoka nyuma.

Ndivyo walivyozoezwa kwenye ndege: wa mwisho humgonga bega aliye mbele yake, naye hupitisha, hadi wa kwanza aruke. Humo bombani wa mwisho alikuwa Wilf, akizisikiliza buti za mlinzi kwenye kokoto.

Akagongwa kisigino, mara mbili.

Mazoea ni ugonjwa. Kabla hajafikiri, mkono wake ulishapitisha. Wakatoka mbio hadi vichakani. Relini hapakuwa na mtu.

"Sasa nyuma yako alikuwa nani?" nikamuuliza.

Wilf akasukuma kikombe pembeni. "Tulilala pale tukitazama mdomo wa bomba. Chubwi, chubwi, mtu anatambaa ndani, anakuja. Sauti ikafika mdomoni, penye mwanga, ikanyamaza. Maji hayakutikisika."