Prosesa Iliyolazimishwa

Kila alasiri, akishatoka shule na kuosha vyombo, msichana mmoja alikaa sakafuni kando ya cherehani ya mama yake akafungua kitu: pasi iliyokataa kupata moto, redio inayokoroma, tochi iliyolowa. Vingine vilipona, vingine alivimaliza kabisa. Hata hivyo nyumba nzima na majirani walimwita Injinia, na jina hilo likamvimbisha kichwa hadi akasahau kwamba bado yuko darasa la saba.

Basi kompyuta ya kaka yake ilipokata roho, mama alisema bila kusita, "Injinia atachagua vifaa." Kaka alichora ramani za nyumba kwa mkandarasi mmoja, na bila kompyuta kazi hiyo ingekwenda kwa mwingine. Lakini wiki hiyo alishinda kwenye ujenzi toka alfajiri hadi giza, hana nafasi ya kuzunguka madukani.

"Tunahitaji mazabodi na prosesa tu," alimwambia mdogo wake. "Mazabodi ni ule ubao unaoshika kila kitu. Prosesa ndiyo ubongo. Sasa ubongo hauingii kwenye kichwa chochote tu! Angalia soketi, pale prosesa inapokaa. Jina la soketi lifanane kwa zote mbili. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka. Kwani mimi mtoto?"

Kusikia alisikia, kuzingatia ndiko kulikomshinda. Mazabodi aliichagua kwa macho, kwa kuwa ilikuwa nyeusi na ina taa za rangi pembeni. Maandishi ya kwenye boksi hakuyasoma hata mstari mmoja.

Prosesa walikwenda kuinunua duka jingine, yeye na mama. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke kijana mwenye koti la kazi la buluu.

"Mazabodi yenu ni ya soketi gani, mdogo wangu?" aliuliza.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yote kwa sababu ya neno dogo lililokataa kutoka mdomoni: sijui. Mama alikuwa pembeni yake anamtazama kwa fahari, na wateja wawili walikuwa wanasikiliza. Injinia akataja soketi aliyoiona kwenye tangazo ukutani, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Mama akatabasamu.

Duka lile lilikuwa na desturi yake. Prosesa haikutoka mpaka mnunuzi aitazame chini kwa kioo cha kukuzia, kwenye vile vipini vyembamba vinavyoingia kwenye soketi. Mama alikuwa ameshageukia upande wa malipo. Injinia aliinama, akatazama. Vipini vilikuwa vimenyooka vyote, kama meno ya kitana kipya.

"Umeridhika?" muuzaji aliuliza.

"Nimeridhika."

"Haya. Ikikataa kukaa, usiilazimishe. Irudishe ikiwa nzima, nitakubadilishia."

Hakusubiri kaka arudi. Alifika nyumbani, akajifungia chumbani, akaiweka prosesa juu ya soketi. Haikukaa. Akaigeuza, haikukaa. Angesimama hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na sote tungecheka. Lakini aliwaza namna majirani watakavyomtania, akaweka kidole gumba juu yake na kubonyeza kwa nguvu. Kitu kikalia kidogo, kama ganda la yai. Alipoinua, vipini vya kona moja vilikuwa vimelala.

"Mama!" aliita, na uongo ukatoka kabla hajaupanga. "Wametuuzia mbovu!"

Mama hakuwa mtu wa kudhulumiwa akanyamaza. Aliacha gauni la mteja kwenye cherehani, akamshika binti yake mkono, wakarudi dukani.

"Ndiyo biashara gani hii?" alifoka. "Mnatuona wajinga?"

Muuzaji aliichukua prosesa, akaitazama kwa kioo chake, akashtuka. "Mama yangu, hii haikutoka hapa hivi. Nilimwonyesha mwanao, akaitazama mwenyewe."

Mama akageuka. "Alikuonyesha?"

Muuzaji alimtazama Injinia bila wasiwasi, kwa sababu wote wawili walijua ukweli.

"Hakunionyesha," Injinia alisema.

Mwenye duka alitoka chumba cha nyuma kwa zile kelele. Duka lilikuwa limejaa watu, naye hakutaka sifa mbaya. Aliomba radhi, akauliza jina la mazabodi, mama akalisoma kwenye risiti yake, akaagiza wapewe prosesa nyingine inayolingana nayo. Kisha akamwambia muuzaji avue koti, aende zake. Yule dada alifungua vifungo polepole. Machozi hayakumtoka. Alimtazama tu Injinia, akasubiri, na Injinia akainamisha uso.

Jioni kaka aliiunganisha kompyuta. Prosesa mpya aliiweka kwenye soketi, nayo ikaingia yenyewe bila hata kuguswa mara ya pili. Kioo kikawaka. Mama akapiga vigelegele.

"Ile ya kwanza ilipinda vipi?" kaka aliuliza.

"Kona moja," mama alisema. "Vipini vyote vimelala upande mmoja."

Kaka aliweka bisibisi chini. "Mama, hiyo haipindi yenyewe. Hiyo imebonyezwa na mtu."

Injinia akaanza kulia kwa kwikwi, akasema yote.

Asubuhi mama alimrudisha dukani. "Mimi sitasema neno," alimwonya. "Mdomo uliosema jana ndio utakaosema leo." Injinia alisema mbele ya wateja, sauti ikimkatika. Mama alilipia prosesa iliyoharibika. Mwenye duka, kwa aibu, alimpigia simu muuzaji, akamsihi arudi.

Alikuja, akavaa koti lake. Injinia akamwomba msamaha.

"Nimekusikia," yule dada alisema. "Kazi nimerudishiwa. Lakini jana nilipita mtaani kwetu naitwa tapeli, na habari imeshafika kwa mama yangu mgonjwa. Huko utakwenda kusema lini?"

"Twende sasa hivi," Injinia alisema.

"Hapana. Hajapata usingizi tangu jana. Mwache kwanza." Akageuka kumhudumia mteja mwingine.

Walipofika mlangoni kwao, mama alisimama.

"Kutojua si kosa, mwanangu. Ungesema sijui, yule dada angekufundisha. Ungesema nimeharibu, ningekukaripia yakaisha. Wewe uliogopa kuchekwa, ukamtwisha mwenzako aibu yako. Kosa lako lilikuwa dogo kama kipini, uongo ndio ulioligeuza mzigo wa watu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila nilimtukana mtu asiye na hatia kwa sababu nilikuamini kuliko macho yake. Kesho ukiniambia jambo, nitatamani kukuamini, lakini kwanza nitakwenda kuuliza kwa watu. Hilo limeniuma kuliko fedha." Akaingia ndani, akakaa kwenye cherehani yake.