Daftari Kwenye Gunia la Vitambaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kalamu aliifuta cherehani ya mama yake. Alipangusa vumbi mezani, akatia tone la mafuta kwenye gurudumu, kisha akapiga magoti kusugua pedali ya chuma. Pedali ile iling'aa upande wa kulia tu. Upande wa kushoto bado ulikuwa na rangi yake nyeusi ya kiwandani, kwa sababu kwa miaka kumi na minne mama yake alikanyaga kwa mguu wa kulia, ule wa kushoto ameukunja chini ya kiti.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu cherehani haijalia. Mama alikuwa hospitali. Alikuwa anapeleka sare za shule alizoshona, mzigo kichwani, gari dogo likaacha barabara, likapanda njia ya waenda kwa miguu na kumvunja mguu. Dereva hakubisha. Alikiri kosa mbele ya polisi, akatoa karatasi zake za bima, na kila mtu akasema basi, kampuni ya bima italipa matibabu.

Kalamu ni jina alilopewa mtaani, maana watu wazima walimletea fomu zao awajazie. Baba yake alikuwa mwashi. Aliweza kusimamisha ukuta ukanyooka bila kupima, lakini aliacha shule darasa la nne, na karatasi zilimtoa jasho kuliko zege. Kwa hiyo hata fomu ya bima aliijaza Kalamu, kwenye benchi la nje ya wodi, mama akiwa bado hajazinduka baada ya upasuaji.

Swali la tisa liliuliza kama majeruhi aliwahi kuwa na maumivu ya mguu kabla ya ajali. Baba alikuna kichwa, akakumbuka kwamba mkewe hulalamika mguu jioni. Akamwambia binti yake aandike ukweli. Kalamu akaandika: "Ndiyo. Mguu humuuma jioni kwa ajili ya kukanyaga cherehani." Akajiona amefanya kazi safi.

Barua ya bima ilifika siku ya Jumamosi. Kalamu aliisoma kwa sauti, baba akiwa amesimama mlangoni na saruji bado imemganda mikononi. Kampuni ilisikitika kuwaarifu kwamba haitalipa matibabu, kwa kuwa majeruhi alikuwa na tatizo la mguu kabla ya ajali, kama ilivyokiriwa kwenye fomu.

Baba aliomba asomewe tena. Akasomewa.

"Kwa hiyo gari halikumgonga?" akauliza.

Daktari alikuwa amewaeleza wazi. Mama alihitaji upasuaji wa pili, wa kuwekewa chuma kwenye mfupa, kabla ya wiki mbili nyingine kwisha. Wakichelewa, mfupa ungeunga upande, na mama angechechemea hadi mwisho wa maisha yake. Na hospitali haikutaka kupanga siku ya upasuaji mpaka ipate barua ya bima.

Kalamu aliikunja barua mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Shuleni walimwambia aseme ukweli. Nyumbani walimwambia aseme ukweli. Amesema, na watu waliovaa tai wameuchukua ukweli wake na kumpigia mama yake nao.

"Ningeandika hapana, wangelipa," alisema.

Baba alisema tu kwamba mama asiambiwe habari hizi, presha isije ikampanda. Lilikuwa wazo la upendo, na lilikuwa la kijinga.

Jioni ile jirani yao, Dobi, aliingia na pasi yake ya mkaa mkononi, kwani alikuwa mtu wa kutoa ushauri kuliko kunyoosha nguo. Aliisikiliza barua, akatikisa kichwa. Alisema dawa ni rahisi. Waombe fomu nyingine, waandike hapana, waseme mtoto alikosea. Kisha akauliza kama kulikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba mama aliwahi kutibiwa mguu. Baba akasema lipo daftari la zahanati, alikwenda mwaka jana.

"Daftari hilo lipotee," Dobi alisema. "Likionekana, mmekwisha."

Baba alimwambia hapotezi kitu chochote, na Dobi akaondoka akicheka kwamba mwashi ana kichwa kigumu kama tofali lake. Lakini Kalamu alikuwa ameshasikia. Baba alipokwenda kuoga, alilitoa daftari kwenye droo ya cherehani. Hakulifungua. Alilitazama kama mtu anavyomtazama adui, akalisukumiza chini kabisa ya gunia la vipande vya vitambaa. Jumatatu mshona mito alikuja kulichukua gunia, kama alivyofanya kila mwezi.

Jumanne baba aliomba ruhusa kwa mwalimu, akaenda na binti yake kwenye ofisi ya bima. Walikaa kwenye viti vya plastiki tangu saa tatu hadi saa sita. Karani aliyewaita alikuwa mwanamke kijana mwenye kucha ndefu, aliyesoma barua yao huku akizungumza na mwenzake habari za chakula cha mchana. Alimweleza baba kwamba uamuzi ni uamuzi. Kama hawaridhiki, wana haki ya kupinga, lakini walete ushahidi wa matibabu wa kabla ya ajali.

Uso wa baba ulifunguka. Alimwambia dada yule kwamba lipo daftari la zahanati, na kesho saa mbili asubuhi atalileta mwenyewe.

Walipotoka nje, Kalamu alibaki nyuma. Angeweza kusema limepotea. Daftari hupotea kila siku. Lakini alimtazama baba yake, aliyekuwa anapiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu ajali, akaona hawezi. Akamwambia yote, hapo hapo kando ya barabara.

Mluzi ulikatika. Baba aliegemea ukuta. Hakupandisha sauti.

"Wao wanatafuta njia ya kumkwepa mama yako," alisema. "Na wewe unaficha karatasi yake. Sasa niambie, nikuweke upande gani?"

Baba hakungoja jibu. Alishaanza kutembea kuelekea kwa mshona mito.

Mshona mito alikuwa mama mnene mwenye pamba kwenye nyusi. Gunia lao alikuwa amelimwaga asubuhi ile, na mito saba ilikuwa imeshajazwa na kushonwa. Kalamu alimsimulia, macho chini. Mama yule alimtazama, akampa wembe.

"Fumua mwenyewe," alisema. "Na utaishona yote tena. Ona, nusura nimuuzie mtu ugonjwa wa mama yako alalie."

Kalamu alifumua. Mto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vipande vya sare za bluu vilimwagika sakafuni. Ndani ya mto wa tano akagusa kitu kigumu. Alilivuta daftari, akalifungua kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kusoma mwandiko wa muuguzi: "Maumivu ya misuli, mguu wa kulia. Anakanyaga cherehani kutwa. Amepewa dawa ya kuchua."

Alisoma mara ya pili. Akaiona ile pedali, aliyokuwa akiisugua kila asubuhi, imeng'aa upande mmoja.

"Baba," alisema, "mama amefungwa plasta mguu gani?"

"Wa kushoto," baba alijibu, kisha akafungua mdomo na kuusahau wazi.

Mito saba ilipomalizika kushonwa walikwenda hospitali moja kwa moja, wakamweleza mama kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akawaka.

"Nyinyi wawili mmejadili mguu wangu siku nne," alisema, "na mwenye mguu yupo hapa, amelala, ana mdomo. Hakuna hata mmoja aliyeona aniulize?"

Muuguzi wa zamu alikuja kuuliza kelele ni za nini. Mama alimwambia apite tu, ni mambo ya kifamilia.

Kesho yake saa mbili kamili walikuwa mbele ya karani. Safari hii baba alikataa kukaa kwenye kiti cha plastiki. Aliomba kumwona mkubwa wa ofisi, na alipoambiwa ana kikao, akasema yeye hujenga kuta, amezoea kusimama. Walisimama saa nzima. Hatimaye mkubwa alitoka na faili mkononi, akaanza kueleza kwamba kampuni ina taratibu zake.

Kalamu aliweka daftari mezani, akaonyesha kwa kidole. Mguu ulioumwa zamani ni wa kulia. Mguu uliovunjwa na gari ni wa kushoto. Mkubwa alisoma, akakohoa. Akasema fomu haikutaja mguu upi.

"Ni kweli, sikutaja. Hilo ni kosa langu," Kalamu alisema. Alikuwa ameona kitu ndani ya faili: bahasha kubwa ya kahawia yenye mhuri wa hospitali. "Lakini hiyo ni picha ya eksirei ya mama. Hospitali iliwatumia. Mbona bado imefungwa kwa gundi?"

Karani aliacha kubofya kalamu yake. Mkubwa aliigeuza bahasha upande huu na upande ule, kama ingejifungua yenyewe. Hakuna aliyewahi kuifungua. Walimnyima mtu mguu wake bila hata kutazama umevunjika wapi.

Baba aliongea kwa upole uliotisha. Alisema anataka bahasha ifunguliwe mbele yake, na barua mpya iandikwe mbele yake, na hatoki. Watu waliokuwa kwenye viti vya plastiki walikuwa wameanza kuzikunjua barua zao na kuzisoma upya. Mkubwa aliwaona. Akafungua bahasha.

Barua mpya ilitoka saa saba. Baba alipoipokea, ulimi ukamponyoka, akasema asante. Mama alifanyiwa upasuaji siku ya Ijumaa.

Miezi minne baadaye cherehani ililia tena. Jioni ya siku hiyo ya kwanza mama alimwita Kalamu, akamkalisha kwenye lundo la sare.

"Hukukosea kusema ukweli," alimwambia. "Ulikosea kuusema nusu. Ile nusu uliyoiacha ndipo walipoingilia. Halafu ukaogopa, ukataka kuuficha hata huo uliobaki. Siku nyingine ukiulizwa jambo usilolijua vizuri, muulize anayelijua, uandike lote. Na wakikunyima haki yako, rudi nao mezani, usijifiche kwenye gunia. Na mwambie baba yako, haki yake haisemewi asante."

Baba, aliyekuwa dirishani, alijifanya hakusikia.

Wakati huo huo Dobi aliingia, mkono umefungwa bendeji, fomu imekunjwa mfukoni. Pasi ilikuwa imemuunguza kazini. Alimtaka Kalamu amjazie upesi upesi, ana haraka.

"Andika tu mkono umeungua," alisema.

Kalamu aliiweka kalamu chini.

"Mkono upi, Mjomba?" aliuliza. "Na fungua hiyo bendeji, nione."