Diski Mbili Zisizo na Alama

Kanyiva alifika shuleni macho yakimwuma kwa usingizi. Ukame ulikuwa umekaza eneo la Mutomo, na tangu alfajiri alikuwa kwenye foleni ya kisima pamoja na punda wao, akingoja maji yaliyotoka kwa kusuasua. Hata hivyo, Mwalimu Mulei alipouliza nani angemsaidia katika chumba cha kompyuta, mkono wake ulitangulia mingine yote. Kipenda roho hula nyama mbichi, na Kanyiva alipenda kompyuta kuliko chakula cha mchana.

Shule ilikuwa na kompyuta mbili za mezani, zilizofanana kama mapacha. Moja ilikuwa imeungua kifaa cha umeme na haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na kazi za mradi za Gredi ya Tisa, jasho la muhula mzima, ikiwemo kazi ya Kalondu, dada yake Kanyiva. Mwalimu alieleza kwamba kazi hizo zilikuwa salama kwenye diski, kijidude chembamba kinachoenea kiganjani. Kwa kuwa kompyuta zilikuwa za aina moja, diski hiyo ingehamishiwa katika ile iliyo nzima. Diski ya ile nzima haikuwa na kitu cha maana. Shule jirani ilikuwa imeiomba, waifute na kuitumia.

Mwalimu alichomoa nyaya zote, akamfundisha kugusa chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini usiidhuru diski. Kisha akamwagiza atoe diski ya kupeleka kwa jirani, aitie kwenye bahasha, ndipo aiguse ile ya pili. Mara akaitwa ofisini kuonana na mzazi.

Uchovu ni mshauri mbaya. Kanyiva aliona ni afadhali afungue makasha yote kwa mpigo mmoja. Akazilaza diski zote mbili mezani, akaketi kidogo apumzishe mgongo, na usingizi ukamwiba. Alipozinduka, Ndululu, mwanafunzi aliyekuwa na zamu ya usafi, alikuwa amepangusa meza na kuzipanga diski pamoja vizuri kabisa.

Kanyiva alizigeuza, akazigeuza tena. Rangi moja, maandishi yaleyale. Angewasha kompyuta ajaribu, lakini stima ilikuwa imepotea. Akabahatisha: moja akaifunga kwa skrubu ndani ya kompyuta nzima, nyingine akaitia kwenye bahasha.

Mwalimu alirudi, akamshukuru kwa sauti ya mtu aliyechoka, akachukua bahasha na kuanza safari. Kanyiva alijua kwamba akisema, huenda asiruhusiwe tena kuingia chumba kile. Akinyamaza, huenda kazi ya Kalondu ikafutwa kabla ya jioni. Aliona aibu na hofu kwa pamoja. Mwalimu alipofika langoni, Kanyiva alimkimbilia.

"Mwalimu, sijui ni diski gani iko ndani ya hiyo bahasha," alisema. "Nilizitoa zote, nikalala, zikachanganyika."

Mwalimu Mulei alijipangusa uso kwa leso. Kisha akageuka, wakarudi pamoja.

Walingoja stima hadi alasiri. Iliporudi, kompyuta iliwaka, lakini kazi za Gredi ya Tisa hazikuwemo. Machozi yalimtoka Kanyiva. Mwalimu alizima, akachomoa nyaya, akaiweka diski ya kwenye bahasha, akawasha tena. Majina yakajipanga kwenye kioo, la Kalondu likiwa miongoni mwayo.

"Kwenu mnafuga mbuzi," Mwalimu alisema. "Wakichanganyika na wa jirani kisimani, mnawajuaje?"

"Tumewakata alama masikioni."

"Mnawakata lini?"

Kanyiva aliinamisha kichwa. "Kabla hawajachanganyika."

"Basi hata diski ni hivyo. Kuchoka si kosa, mimi pia nimechoka. Lakini ukiwa umechoka, usiiamini kumbukumbu yako; weka alama." Akamkabidhi kalamu ya wino mzito aziandike diski zote mbili. "Na ukikosea, sema upesi. Hata kama ungesema kweli kesho, Kanyiva, kazi ya dada yako ingekuwa imeshafutwa."