Mashine Isiyojua Kusema "Sielewi"

Fundi cherehani alilala kitandani akiwa bado na pini za kushonea kwenye ukosi wa gauni. Uso ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Mama huyo wa makamo alikuwa ameletwa hospitali na jirani kwa sababu ya kidonda na homa kali. Alichomwa sindano ya penisilini, na muda si muda akakata roho.

"Mshtuko wa mzio," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Mwili wake haupatani kabisa na dawa ile."

"Kuna aliyejua?" aliuliza Inspekta.

"Zahanati ya mtaani kwake ilijua siku zote."

"Na hapa?"

Daktari alielekeza kidevu kwenye skrini ya wodi. Iliandikwa: *Taarifa za mgonjwa zimepokelewa na kueleweka.* Kuhusu mzio, hapakuwa na hata neno.

Uongozi wa hospitali ulikuwa umeshampata mkosaji kabla polisi hawajafika, tena bila kutoka jasho: ulimchagua aliyesimama karibu zaidi na maiti. Muuguzi aliyechoma sindano sasa alikuwa mahabusu, na kesho yake angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia.

"Uliiangalia skrini?" Inspekta alimuuliza katika chumba cha mahojiano.

"Niliiangalia, afande. Hamna kitu."

"Mgonjwa ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akanijibu mikono ya gauni imezidi urefu, niikate. Homa ilishamchukua. Jirani naye hajui lolote."

"Kwa hiyo ukaiamini mashine."

"Ndiyo tulivyoagizwa. Ukipiga simu kuuliza, unaambiwa unarudisha watu nyuma." Alifuta pua kwa kiganja. "Mkuu wa hospitali keshasema leseni yangu inafutwa. Kazi nyingine siijui, afande. Nimeisomea hii tu."

Inspekta alimwamini, ila mahakama haipokei imani kama kielelezo. Akamchukua sajini wake, wakaenda zahanati.

Tabibu wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliwageuzia kompyuta yake.

"Mzio wake niliutuma mwenyewe, nikauwekea alama ya 'lazima ieleweke'."

"Maana yake nini?"

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nina programu yangu, hospitali ina yake, maabara ina yake. Waliozitengeneza hawajuani hata kwa sura. Zinazungumza kwa sababu ya viwango, yaani makubaliano ya jinsi ya kutuma na jinsi ya kujibu. Nikiweka alama hii, mashine inayopokea ina njia mbili tu. Ikielewa, inakubali. Isipoelewa, inakataa ujumbe wote na kusema 'sielewi'. Ikikataa, mimi hapa naona, nanyanyua simu na kuwaambia kwa mdomo wangu."

"Ilikujibuje?"

"'Nimeelewa.'" Tabibu aliguna. "Kama mkwe anayeitikia huku anasinzia."

Kampuni iliyoiuzia hospitali mfumo ule ilikaa ghorofa ya juu kabisa, nyuma ya vioo. Ukuta mzima ulijaa vyeti vya ubora vilivyowekewa fremu za dhahabu, na kiyoyozi ndicho kilichofanya kazi kwa bidii kuliko yeyote humo ndani. Mkurugenzi aliwapokea kwa tabasamu la mtu anayempa mtoto peremende. Pembeni yake alisimama mhandisi wa mifumo, kijana mwembamba aliyekazia macho zulia.

"Dada yangu..." alianza mkurugenzi.

"Inspekta."

"Inspekta. Mambo haya ni ya kitaalamu mno, nisikuchoshe."

"Nichoshe."

"Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya viwango. Kanuni hiyo ya 'lazima ieleweke' niliiandika kwa mkono huu. Mfumo wangu haujawahi kukataa ujumbe hata mmoja. Hata mmoja! Mwacheni muuguzi abebe mzigo wake."

Haujawahi hata mmoja. Inspekta aliligeuza neno lile kichwani. Ni mtu wa namna gani asiyekutana kamwe na jambo asilolielewa? Alikuwa amewahoji wengi wa aina hiyo, na karibu wote walikuwa waongo.

Alimpigia simu tabibu. "Mama, tuma ujumbe wa majaribio. Andika mgonjwa ana mkia, asikalishwe kwenye kiti. Weka alama ileile."

Jibu la mfumo likatokea kwenye skrini kubwa ya mkurugenzi, iliyoonyesha kila ujumbe uliopokelewa hospitali: *Nimeelewa.*

"Umeelewa nini, bosi?" aliuliza sajini. "Mkia?"

"Ni hitilafu ndogo..."

"Mama, sasa bonyeza herufi zozote, hata kwa kiwiko."

*Nimeelewa.*

Sajini aliuma midomo asicheke. Mkurugenzi hakucheka. Alimgeukia mhandisi. "Ni huyu. Hawa vijana ukiwaamini wanakuponza."

Mhandisi aliinua uso. "Useme hivyo mbele yangu? Mimi niliandika programu inayokataa. Ilikuwa inasema 'sielewi' kama kanuni yako inavyotaka. Ukaifuta. Sehemu ile haifunguki bila alama ya kidole, Inspekta, na kidole chenyewe ni kile chake chenye pete."

Mkurugenzi alikificha kidole kile chini ya meza. Katika watu wote chumbani, ni yeye peke yake aliyedhani hakuonekana.

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta.

Mkurugenzi aliizungusha pete yake chini ya meza.

"Nauliza mara ya mwisho. Kuna maiti inasubiri jibu."

"Walinicheka," alisema hatimaye, kwa sauti iliyopoteza unene wake wote. "Tulikuwa tunaonyesha mifumo mbele ya kamati. Wanafunzi wa chuo wakatuma ujumbe wenye taarifa za mzio. Mfumo wangu ni wa zamani, hauna mahali pa kuziweka. Ukajibu 'sielewi', kwa maandishi makubwa. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi, mwenyekiti!"

"Ungeongeza mahali pa kuziweka."

"Ningekuwa nimekiri kwamba wanafunzi wamenizidi."

"Ukaona heri mashine idanganye."

"Sikudhani mtu angekufa."

"Hukudhani," alisema Inspekta, "hilo nalikubali bila ushahidi. Sajini, mfunge pingu. Mwachie pete yake, asije akajihisi mtu wa kawaida."

Aliporudi kituoni, Inspekta alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Alimweleza muuguzi yote: mzio uliotumwa ukatupwa njiani, jibu la uongo, na mtu mzima aliyeogopa kuchekwa. Hakuna mashtaka dhidi yake, na hospitali ingearifiwa hivyo kwa maandishi.

Muuguzi hakushangilia. Alisimama ameshika viatu mkononi.

"Hospitali nyingine zina mfumo huohuo?"

"Nyingi. Sajini ameshaanza kuzipigia."

Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya sajini ikihangaika: "Mzio, mama. Mzio! Hapana, si mzigo..."

"Huyo hawatamwelewa," alisema muuguzi. Alivaa viatu, akapita mlango wa kutokea bila kuutazama, akaketi mezani na kunyanyua simu ya pili.

"Hapa ni polisi," alianza, kisha akajirekebisha kwa sauti iliyonyooka. "Hapa ni muuguzi. Nisikilizeni."